Njia iko tupu, treni haijafika: basi lipite au lisipite?

Mpwa wangu anaishi Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Tukizungumza kwa simu huanza na afya za wazee, tukaingia kwenye bei ya samaki, na mwisho wake huwa barabarani. Mimi humlalamikia jamu ya Makupa na foleni ya feri pale Likoni. Yeye hunilalamikia ziwa. Anakaa upande wa mjini na kazi yake iko Bellevue, ng'ambo ya ziwa, na kila siku ya Mungu lazima avuke daraja.

Katikati ya daraja hilo palikuwa na njia ambazo basi lake lilikuwa likipita kwa raha. Juni 2017 zikafungwa ili reli ijengwe. Mabasi yakahamishiwa pembeni, kwenye leni zinazotumiwa pia na magari yaliyobeba watu wawili na zaidi. Miaka ikapita. Reli zikalazwa, nyaya zikatungikwa, na yeye bado alikuwa akiitazama ile njia tupu kupitia dirisha la basi. Siku moja akaniuliza: "Mjomba, njia hii iko tayari na treni hakuna. Kwa nini basi lisipite humo mpaka hiyo treni ije?"

Kwanza nililiona swali la mtu aliyechoka na safari. Baadaye nikatambua kwamba swali hili limeulizwa miji mingi, na huku kwetu limeanza kutubishia hodi. Limeulizwa Edinburgh, Uskoti. Dar es Salaam wameuliza la kufanana nalo, pale njia ya mwendokasi ya kwenda Mbagala ilipomalizika kujengwa mabasi yake hayajapatikana, na watu wakaendelea kubanana kwenye daladala kandokando ya njia tupu. Nairobi nao mwaka 2018 waliona Thika Road ikipigwa mistari myekundu ya mabasi ya mwendo kasi. Mabasi hayakuja, na mistari ikafifia kwa jua na mvua.

Jibu langu nalitanguliza, nisikuchoshe ndugu msomaji. Ndiyo, basi laweza kutangulia treni, na mara nyingi ni kheri litangulie. Lakini njia iwe imejengwa kwa ajili ya vyote viwili tangu siku ya kwanza, na abiria awe anajua atapitia wapi siku basi litakapotolewa. Hayo mawili yakikosekana, mji hulipa mara mbili, na anayelipa ni yule anayeamka alfajiri kuwahi kazini.

Si kila reli ni barabara

Tunaposema reli nyepesi hatusemi SGR. Tunasema treni za umeme zilizo fupi, zinazosimama mara kwa mara ndani ya mji, ambazo pengine hupita kwenye njia yao wenyewe na pengine hupita katikati ya barabara. Addis Ababa wanazo tangu 2015. Kinachowachanganya watu ni kudhani kwamba njia ya treni hizo ni ya namna moja. Ziko namna tatu, na jibu la swali la mpwa wangu linategemea ni ipi.

Namna ya kwanza ni reli iliyolazwa juu ya mataruma na kokoto, kama ile njia yetu ya zamani inayopita Changamwe kuingia mjini. Hapo basi halipiti. Gurudumu la mpira litazama kwenye kokoto na kugonga mataruma, na kabla ya kilomita moja basi limekwama.

Namna ya pili ni reli iliyofungwa juu ya vitako vya zege. Hii hupendwa kwenye madaraja na njia za juu kwa sababu ni nyepesi na haihitaji kokoto. Ukiitazama kutoka mbali utadhani ni sakafu safi ya saruji. Ukikaribia utaona reli zimeinuka, na kati yake kuna mfereji. Basi likiingia humo, magurudumu hayana pa kukanyaga.

Namna ya tatu ni reli iliyozamishwa barabarani, ambapo uso wa reli uko sawasawa na uso wa lami au zege. Hiyo mtu huivuka kwa miguu, gari hupita, na basi hupita bila shida. Ni ghali zaidi kujenga, mifereji ya maji lazima ifikiriwe vizuri, na reli ikiharibika ni lazima uvunje sakafu kuifikia. Lakini hiyo ndiyo njia pekee kati ya hizi tatu inayoweza kuwa ya basi leo na ya treni kesho.

Sasa turudi kwenye daraja la mpwa wangu. Ni daraja linaloelea juu ya maji, la barabara kuu ya I-90, na reli yake ni ya ile namna ya pili, ya vitako. Daraja la kuelea lina hesabu yake ya uzito, kama jahazi. Huwezi kumwaga zege la kujaza mfereji ili basi lipite halafu uling'oe baadaye. Isitoshe, mwaka 2022 ilielezwa hadharani kwamba vitako vingi vya upande huo havikujengwa sawasawa, ikabidi vivunjwe na kujengwa upya. Mradi uliokuwa utoe huduma mwaka 2023 ukachelewa. Tarehe 27 Aprili 2024 treni zilianza kubeba abiria upande wa mashariki peke yake, zikiwa bado hazivuki ziwa.

Kwa hiyo njia aliyoiona tupu haikuwa tayari. Ilikuwa chini ya nyundo. Jibu la swali lake, kwa daraja lile na kwa wakati ule, lilikuwa hapana. Lakini mji huohuo wa Seattle ulikwisha kutoa jibu jingine, kilomita chache tu kutoka pale, chini ya ardhi.

Handaki lililoanza na basi

Tarehe 15 Septemba 1990 Seattle ilifungua handaki la mabasi chini ya katikati ya mji, lenye urefu wa kilomita mbili hivi na vituo vitano. Wakati huo treni ya mjini haikuwepo. Wapiga kura wenyewe walikuja kupitisha mpango wa reli mwaka 1996. Hata hivyo wajenzi walilaza reli kwenye sakafu ya handaki tangu mwanzo, zikazamishwa sawa na zege, ili siku treni ikija ikute njia yake.

Mabasi yaliyopita humo hayakuwa ya kawaida. Yaliagizwa 236 kutoka kampuni ya Breda ya Italia, na kila moja lilikuwa na nguvu mbili. Barabarani lilikwenda kwa dizeli. Likifika mlangoni mwa handaki, dereva aliinua vijiti vya juu vikagusa waya wa umeme, akazima injini, akaingia. Sababu ni moshi. Handaki lililojaa mabasi ya dizeli yanayonguruma linataka mitambo mikubwa ya kuvuta hewa, la sivyo abiria watakohoa hadi watoke.

Kwa miaka kumi na mitano mpango huo ulifanya kazi. Basi lililokuwa likinasa kwenye taa za barabarani likawa linapita chini kwa chini, na mtu wa kitongoji cha mbali akafika kazini bila kuzunguka mji mzima. Hakuna aliyengoja treni ili afaidi handaki. Hii ndiyo hoja kubwa ya wanaotaka basi litangulie, na ni hoja nzito. Njia iliyojengwa kwa kodi ya watu haina haki ya kulala. Kila mwaka inaolala tupu ni mwaka wa watu kuchelewa kazini na kufika nyumbani watoto wamelala.

Lakini ulipofika wakati wa kuleta treni, ilionekana kwamba zile reli za mwaka 1990 hazifai. Hazikuwa zimekingwa dhidi ya umeme inavyotakiwa.

Jambo hili linahitaji kuelezwa, kwa maana ndilo funzo lenyewe. Treni ya umeme huchota nguvu kutoka waya wa juu. Umeme ule hupita kwenye mota, halafu lazima urudi kituoni ulikotoka, na njia yake ya kurudi ni reli. Kama reli haikukingwa na ardhi kwa mpira na vihami vingine, sehemu ya umeme huvuja ikatafuta njia nyingine: mabomba ya maji, nondo zilizomo ndani ya zege, chochote cha chuma. Na unapotoka kwenye chuma hukila. Sisi tunaoishi na chumvi ya bahari tunajua kutu inavyokula mabati na nanga. Umeme unaovuja hufanya kazi hiyohiyo, tena kimyakimya chini ya barabara.

Ikawa hakuna hila. Tarehe 24 Septemba 2005 handaki likafungwa. Reli ambazo hazikuwahi kubeba treni hata moja ya abiria ziking'olewa na kulazwa mpya. Sakafu ikashushwa ili mlango wa treni ulingane na jukwaa. Waya wa mabasi ukaondolewa, kwa maana ulikuwa wa volti 700 hivi na treni zilitaka volti 1,500. Kazi ikachukua miaka miwili kamili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapo ukuta ulijengwa.

Hata hivyo tuwape haki yao. Katika miaka ile miwili hawakuwaambia abiria wajitafutie. Mabasi yalipandishwa juu, na barabara ya Third Avenue ikapewa mabasi saa za asubuhi na jioni, magari binafsi yakaelekezwa kwingine. Handaki lilipofunguliwa tena tarehe 24 Septemba 2007, Third Avenue haikunyang'anywa mabasi. Dawa ya muda ikawa ya kudumu, na mji ukabaki na njia mbili badala ya moja.

Halafu likatokea lile hasa tunalolijadili. Treni ya kwanza ya abiria ilianza tarehe 18 Julai 2009. Kuanzia 2007 hadi siku hiyo, kwa karibu miaka miwili, mabasi yalikuwa yakipita juu ya reli mpya zilizokamilika, treni ikiwa bado haijabeba mtu. Safari hii yalikuwa mabasi ya injini mseto, ya dizeli na umeme, yanayotoa moshi kidogo. Kwa hiyo anayekwambia kwamba basi haliwezi kupita kwenye njia ya reli kabla treni haijaanza, mwambie lilipita, na tarehe zake zinajulikana.

Basi na treni ndani ya nyumba moja

Ungedhani treni ilipokuja basi liliaga. Hasha. Vilikaa pamoja miaka karibu kumi, hadi Machi 2019 mabasi yalipotolewa handakini moja kwa moja. Pittsburgh, mji mwingine wa Marekani, mabasi na treni za mjini vimetumia handaki moja chini ya mlima kwa miongo mingi. Kukaa pamoja kunawezekana. Kuna gharama zake.

Ya kwanza ni breki. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki kama mpira juu ya lami. Treni inahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama, na haiwezi kukwepa. Kwa hiyo huwezi kuacha madereva waelewane kwa honi kama tunavyofanya pale Buxton. Zinahitajika taa zinazohakikisha basi na treni haviko katika kipande kimoja cha njia kwa wakati mmoja. Maana yake treni hungoja basi litoke, na basi hungoja treni ipite.

Ya pili ni mlango. Treni ina milango mingi, nauli imelipwa nje, watu huingia na kutoka kwa pamoja. Basi lina mlango wa mbele, na dereva anapokea nauli. Kwa miaka mingi katikati ya Seattle watu walipanda bure, kwa hiyo handakini hapakuwa na foleni ya kulipa. Mpango huo ulipofutwa mwishoni mwa Septemba 2012, foleni zikaanza: mmoja anatafuta chenji, mwingine anatafuta kadi, mama ana kigari cha mtoto, mzee wa kiti cha magurudumu anangoja ubao uteremshwe. Na nyuma ya basi hilo imesimama treni iliyobeba mamia. Kosa halikuwa la basi wala la abiria. Lilikuwa la kutoza nauli mlangoni mahali pasipostahili.

Ya tatu ni kuharibika. Basi likizima barabarani, wenzake hulizunguka. Likizima kwenye njia ya reli lenye ukuta huku na huku, kila kitu husimama mpaka livutwe.

Kwa sababu hizo kukaa pamoja kulifaa wakati treni zilipokuwa chache. Zilipoongezeka na njia kurefushwa kaskazini mwaka 2016, ikawa wazi kwamba mmoja lazima ahame. Basi ndilo lililohama, kwa maana basi lina barabara nyingine na treni haina.

Edinburgh: basi lilitolewa, treni ikachelewa

Kisa cha Seattle kina uchungu wake lakini mwisho wake si mbaya. Edinburgh walionja upande mwingine. Mwishoni mwa 2004 mji huo ulifungua njia maalumu ya mabasi upande wa magharibi, fupi tu, kilomita moja na nusu hivi. Ilikuwa na kingo za zege pembeni zinazoliongoza basi, hivyo dereva hakuhitaji kushika usukani humo ndani. Tangu mwanzo ilijulikana kwamba siku moja njia hiyo itakuwa ya tramu.

Siku hiyo ilikuja Januari 2009. Mabasi yakatolewa, yakarudi kwenye barabara ya kawaida pamoja na jamu yake, na kazi ya kuweka reli ikaanza. Lakini mradi wa tramu ulikumbwa na ugomvi kati ya waliotoa kazi na waliojenga, gharama zikapanda, sehemu za njia zikakatwa. Tramu ya kwanza ya abiria ilipita tarehe 31 Mei 2014. Ni miaka mitano na zaidi. Miaka yote hiyo aliyekuwa na njia ya haraka mwaka 2008 hakuwa nayo tena.

Mtu atasema ndiyo gharama ya kujenga, hakuna ujenzi usio na vumbi. Ni kweli. Lakini kuna tofauti kati ya kumtoa mtu nyumba ya zamani wakati ya pili imeezekwa, na kumtoa wakati msingi bado haujachimbwa. Basi litolewe pale kazi inapolihitaji litoke, si pale ratiba ya kwenye karatasi inaposema. Ratiba za reli, karibu kila nchi, huchelewa.

"Kabla ya huduma" si "kabla ya treni"

Kuna jambo moja wanaodai basi lipite hulisahau. Siku treni inapoanza kubeba abiria si siku inapoanza kutembea. Kwa miezi kadhaa kabla ya hapo treni hutembea tupu. Nyaya hutiwa umeme, taa za njia hujaribiwa, breki hupimwa, madereva hufundishwa, wazima moto hufanya mazoezi ya kuwaokoa watu. Baadaye treni huendeshwa kwa ratiba kamili bila abiria, kana kwamba ni siku ya kazi. Ukipita kando unaona njia "tupu" yenye treni "za bure", na hasira inapanda. Lakini kipindi hicho ndicho cha hatari kuliko vyote kuingiza basi, kwa sababu mafundi bado wanatafuta makosa.

Kwa hiyo muda wa basi kutangulia una mipaka miwili. Unaanza sakafu ikiwa tayari, na unakoma majaribio yanapoanza, isipokuwa pale ambapo mfumo wa taa umetengenezwa kubeba vyote viwili. Kama nafasi iliyobaki katikati ni miezi mitatu, haifai kusumbua watu kwa kubadilisha ruti zao mara mbili. Kama ni miaka miwili, mitatu, kuiacha njia ilale ni dhuluma.

Haya yatufaa nini sisi?

Nasikia mtu akisema: "Huyu anatupeleka Seattle na sisi hata matatu za kutosha hatuna." Subiri kidogo.

SGR ilizinduliwa mwishoni mwa Mei 2017, na stesheni yake ya Mombasa ikawekwa Miritini. Tangu hapo msafiri anayeteremka pale akiwa na mizigo na watoto amekuwa akijadiliana na matatu, tuktuk na teksi kabla hajaliona lango la mji. Mradi wa kuunganisha Miritini na stesheni ya zamani iliyoko mjini kwa njia ya reli umezungumzwa miaka. Daraja jipya la Makupa lipo. Barabara ya kwenda Mariakani imekuwa ikipanuliwa. Kila mradi wa namna hii unapokuja, lile swali linakuja nao: njia ni ya nani, na ataitumia nani wakati mwenyewe hajafika?

Na Mombasa ni kisiwa. Milango yetu ni michache: Makupa, Kipevu, Nyali, na feri ya Likoni. Mji wa bara ukifunga leni moja kwa ujenzi, watu watazunguka. Sisi tutazungukia wapi, baharini? Leni moja ikilala tupu kwenye mlango mmoja wa kisiwa, foleni yake hufika hadi kwa muuza mboga wa Kongowea na mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Makadara. Ndiyo maana kwetu jambo hili si la mafundi pekee.

Tena tujiambie ukweli. Ukisema "basi lipite", huku kwetu kila mtu atajiita basi. Leo itapita matatu ya abiria kumi na wanne, kesho tuktuk, keshokutwa bodaboda imebeba magodoro, na mheshimiwa mwenye king'ora nyuma yao. Njia ya pamoja inafanya kazi kwa magari makubwa machache, yenye madereva waliofunzwa, yanayoongozwa kutoka chumba kimoja. Vinginevyo inakuwa barabara nyingine tu yenye jamu yake. Hapo wenye matatu wana haki ya kuuliza: sisi tumo au tumetupwa? Ni swali la riziki za watu, makanga na madereva wenye familia, na lijibiwe mapema, kabla rangi haijapakwa barabarani.

Maswali ya kwenda nayo kikaoni

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Mara nyingi vikao vya maoni hutukuta hatujajiandaa, tukapewa soda na kofia, tukarudi nyumbani. Siku mtakapoitwa kwa jambo la reli ya mjini au njia ya mwendo kasi, iwe Mombasa, Kilifi au Kwale, nendeni na haya.

Njia hii itakuwa ya namna gani: ya kokoto, ya vitako, au ya kuzamishwa? Kama si ya kuzamishwa, msikubali kuahidiwa kwamba basi litapita "kwa muda". Halitapita.

Kama basi litatangulia, je, reli, mabomba na vihami vya umeme vitawekwa kwa kipimo cha treni tangu leo? Ombeni jibu la maandishi. Seattle walibana hapo wakaja kuvunja.

Kati ya siku njia itakapokamilika na siku majaribio yatakapoanza kuna muda gani? Na mradi ukichelewa, nani ana mamlaka ya kurudisha mabasi kwenye njia?

Nauli italipwa wapi? Kama italipwa mlangoni mwa basi, foleni itakuwa ndani ya njia. Kama italipwa kituoni, basi litakwenda kama treni.

Na la mwisho, ambalo mimi naliona ndilo kubwa: siku basi litakapotolewa, abiria wake wataelekezwa wapi? Waonyeshwe barabara, si ramani ya rangi. Third Avenue ya Seattle ilikuwa barabara ya kweli, ikatolewa kwa mabasi asubuhi na jioni, na polisi wakaisimamia.

Nilimpigia mpwa wangu nikamweleza haya yote: vitako, umeme unaovuja, uzito wa daraja. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa mjomba," akasema, "nimeelewa kwa nini basi halikupita. Lakini hakuna aliyetueleza. Tungeambiwa hivi tangu 2017, tungesubiri bila kununa."

Nadhani hilo nalo liandikwe kwenye mkataba wa kila mradi. Mtu anaweza kuvumilia foleni anayoijua sababu yake. Asichovumilia ni kupita kando ya njia tupu kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka, akihisi kwamba muda wake hauna thamani kwa yeyote.